Nesi wa ICU mkoani nataka kwenda Uingereza, mfawidhi ananiita msaliti. Naombeni ushauri

nesi_wa_usiku

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi, nina digrii, nimeajiriwa serikalini kwa masharti ya kudumu na niko hospitali ya rufaa ya mkoa, mkoa wenyewe siutaji maana watu wa ofisini kwetu wamo humu. Nilianzia wodi ya wanaume, baadaye nikapelekwa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) na huko ndo nimekaa mpaka leo, mashine za kupumulia nazijua, wagonjwa wa sumu, wa ajali za bodaboda, wa kifafa cha mimba, wote wanapita mikononi kwangu na usiku mara nyingi tunabaki wawili tu na chumba kimejaa.

Sasa nimechoka na nimeamua kuondoka. Kuna rafiki yangu tuliyesoma naye yuko Uingereza anasema maisha si mabaya. Na kuna ajenti mmoja Dar, ana ofisi nzuri tu na kiyoyozi, anasema anafanya kazi na NHS (huduma ya afya ya serikali ya Uingereza) moja kwa moja, nitoe milioni nne na nusu na ndani ya miezi mitatu niko Manchester. Nilivyoenda kwa mfawidhi (mkuu wa hospitali yetu) kuomba barua ya uthibitisho wa kazi akanifokea mbele ya watu, eti nchi imekusomesha, tumekufundisha ICU, leo unaenda kuwahudumia wazungu mama zako wafe, wewe ni msaliti. Nikanyamaza maana ni mtu mzima, ila limeniuma kwa kweli.

Swali langu la kwanza, huyu ajenti ni wa kweli? La pili, hivi mtaani si kuna manesi kibao wamemaliza vyuo wanauza vitenge na wengine wako kwenye uwakala wa pesa, mimi nikiondoka si anachukuliwa mmoja wao anakaa pale pale nilipokuwa? Sasa hasara iko wapi hapo mpaka niitwe msaliti?

---

Kidume wa Kilwa Road

Mfawidhi wako yuko sahihi kabisa. Umesoma kwa hela ya mlipa kodi, mama ntilie anakatwa kodi ili wewe usome, ukishaiva unawapelekea Waingereza bure. Mngekuwa mnasaini mkataba, ukitaka kuondoka rudisha gharama zote ndo upande ndege. Nchi nyingine wanafanya hivyo.

---

Mchumi Jalala

@Kidume wa Kilwa Road punguza jazba mkuu. Huyo dada hajasomeshwa bure, amekopeshwa na bodi ya mikopo na anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe, sheria iko hivyo tangu 2016. Kwa hiyo hiyo "hela ya mlipa kodi" anairudisha mwenyewe, tena anairudisha wakati wewe na mimi tumekaa tunapiga soga. Na ukisema asaini mkataba, mkataba una pande mbili: serikali nayo isaini kwamba nikimaliza utanipa kazi. Iko tayari? Kuna madaktari wamemaliza miaka mitano ya chuo na mwaka mzima wa utarajali halafu wako nyumbani wanasubiri tangazo la ajira, hao wamemsaliti nani?

Mmesahau ya 2017? Kenya madaktari wametoka kugoma, ujumbe wa serikali yao ukaja Ikulu kuomba madaktari 500 wa kwetu, Magufuli akakubali. Watu wakauliza hivi sisi wenye upungufu tunawatoa wapi hao 500? Wakatolewa mtaani! Tangazo likatoka, wasio na ajira wakaomba. Kenya kule kukawa na kesi mahakamani, safari ikakwama, Magufuli akaagiza wale 258 walioomba na kukidhi vigezo waajiriwe hapa hapa nyumbani mara moja. Yaani watu 258 walikuwepo siku zote na hospitali zilikuwa na uhaba siku zote, ila ilibidi jirani aje kuwaposa ndo tukumbuke tunao.

---

Kidume wa Kilwa Road

Sasa hiyo si inathibitisha kwamba serikali ikiamua inaajiri? Wasubiri zamu yao.

---

Mchumi Jalala

Wasubiri wanakula nini mkuu?

---

Mama Wawili UK

Dada pole na hongera kwa kazi. Mimi ni nesi huku Uingereza, nilitokea huko huko nyumbani, naomba nikujibu hilo la ajenti kwanza maana hapo ndo watu wanapoumia halafu wanaona aibu kusema.

Usimpe huyo mtu hata shilingi. Sababu ni hii. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye uhaba mkubwa wa wahudumu wa afya, ile ya 2023 ina nchi 55 na Tanzania imo, hata ile ya 2020 tulikuwemo. Uingereza wameichukua orodha hiyo wakaiingiza kwenye mwongozo wao wa ajira, wanaiita orodha nyekundu, na maana yake ni kwamba hospitali au wakala wao haruhusiwi kuja kwenye nchi hizo kutafuta watu, haruhusiwi kutangaza wala kufanya intavyuu za makundi. Sasa mtu anayekwambia Dar es Salaam kwamba NHS imemtuma akusanye manesi, ama anadanganya au anavunja mwongozo, na hospitali inayojiheshimu haimtumii mtu wa namna hiyo. Halafu mwongozo huo huo unakataza kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi, gharama ya wakala analipa mwajiri. Ukisikia milioni nne na nusu ujue hiyo ni yake.

Ila sikiliza vizuri, orodha nyekundu haikukatazi WEWE kuomba kazi. Hapa wengi wanachanganya. Wao hawaruhusiwi kukufuata, wewe kuwafuata unaruhusiwa. Unaingia mwenyewe kwenye tovuti yao ya ajira, unaomba mwenyewe, unafanya intavyuu kwa video, wakikutaka wanakupa cheti cha udhamini unaomba viza. Hivyo ndo nilivyofanya mimi na ndivyo walivyofanya karibu Watanzania wote ninaowajua huku wenye leseni ya unesi.

Njia yenyewe iko hivi. Kiingereza kwanza, ama IELTS ambayo unatakiwa 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika, ama OET ambayo ni ya watu wa afya, mimi nakushauri OET maana barua ya rufaa umeshaandika nyingi maishani kuliko insha za mambo ya mazingira. Kisha mtihani wa kompyuta, una sehemu ya hesabu za dawa na sehemu ya uuguzi wenyewe, huo unafanyika ukiwa nje ya Uingereza. Baraza la Uuguzi na Ukunga la kwetu linathibitisha kwamba leseni yako ni safi. Ukishafika huku kuna mtihani wa vitendo, OSCE, vituo kumi, unapita kituo kimoja kimoja na mwigizaji anajifanya mgonjwa na wewe unatakiwa ufanye kila kitu huku unaongea kwa sauti, hapo ndo sisi watu wa nyumbani tunafeli, sio kwamba hatujui kazi, ila kwetu nani anamweleza mgonjwa kila hatua wakati una wagonjwa 30 wodini? Huo mtihani ni karibu pauni 800, waajiri wengi wanakulipia. Ila SOMA MKATABA. Wengine wameweka kipengele kwamba ukiacha kazi kabla ya muda fulani unarudisha gharama zote, na watu wamejikuta wanadaiwa maelfu ya pauni kwa sababu walisaini bila kusoma.

Mshahara sasa. Nesi mwenye leseni anaanzia ngazi ya tano, kwa England mwaka 2025 ilikuwa pauni 31,049 kwa mwaka. Usiizidishe kwa shilingi ukalewa. Ukitoa kodi, bima ya taifa na pensheni unabaki na kama elfu mbili kwa mwezi, chumba tu, chumba, sio nyumba, kinaweza kula theluthi ya hiyo na London hata zaidi. Kama una watoto wadogo chekechea ya huku itakufanya umkumbuke dada wa kazi kwa machozi. Hela ipo, natuma nyumbani, nimemaliza kiwanja, ila haiko kama watu wa Instagram wanavyoonyesha.

Na jambo la mwisho, ajenti akianza kubadilisha maneno akasema "tuanze na kazi ya kulea wazee utapanda ukifika," kimbia. Njia hiyo ya walezi walizuia kuleta mume na watoto tangu Machi 2024, na Julai 2025 wakaifunga kabisa kwa watu wanaotoka nje. Kuna watu walilipa mamilioni wakafika huku kampuni haina kazi, wakakaa vyumbani sita sita. Nesi mwenye leseni bado anaweza kuleta familia. Ila nikwambie ukweli, hata unesi wenyewe sasa hivi nafasi zimepungua sana ukilinganisha na miaka ya baada ya corona, hospitali hazina bajeti, hata wanafunzi wao wanaomaliza huku wanalalamika hawapati pa kuanzia. Wewe wa ICU una nafasi nzuri kidogo kuliko wa wodi ya kawaida. Hiyo ICU yako ndo pasipoti yako.

---

dogo_clinical

Mama Wawili ubarikiwe, nime-screenshot yote. Vipi sisi klinikoofisa kuna njia?

---

Mama Wawili UK

@dogo_clinical kada yako huku haipo kwa jina hilo mdogo wangu, hakuna baraza litakalokusajili moja kwa moja. Wengi wanarudi darasani. Usikubali mtu akwambie vingine.

---

Otieno wa Ahero

Salamu wadau wa Bongo, mimi ni Mkenya, niko kaunti, nesi pia. Wacha niwaambie vile hii maneno ilitufanyia sisi ili msijidanganye kwamba ikifanywa rasmi na serikali itakuwa sawa.

Mwaka 2021 mwezi wa saba Rais Uhuru Kenyatta alienda London wakasaini mkataba na Waingereza, manesi wa Kenya waende NHS. Iliandikwa vizuri kabisa kwamba wanaoenda ni wale wameshasoma na hawana kazi, ndio hospitali zetu zisibaki tupu. Tukapiga makofi. Mtihani wa Kiingereza ukakuja, mwaka uliofuata waziri wa afya Kagwe akasimama akasema kati ya manesi 300 waliofanya ni 10 tu walipita. Kumi! Watu wakacheka sana mtandaoni, Wakenya na Kiingereza yetu yote. Lakini mimi sikucheka, ule mtihani si wa kujua Kiingereza, ni wa kujua mtihani, na hakuna mtu aliwafunza.

Sasa shida yenyewe haikuwa hapo. Shida ni kwamba hospitali ya Uingereza haitaki mtu ametoka shule jana akakaa nyumbani miaka minne, inataka mtu ako na mikono. Kwa hivyo karatasi inasema wasio na kazi, lakini wanaoitwa kwa intavyuu ni wale wa thieta, wa ICU, wa watoto wachanga, wa figo. Hapa kwetu waliotoka ni wale tulikuwa tunawaita usiku ukikwama. Yule hana kazi bado hana kazi, na yule ako na kazi ameenda.

Na usidhani serikali inalia. Mwaka 2024 pesa zenye diaspora walituma Kenya zilikaribia dola bilioni 5, hiyo inashinda chai, inashinda maua. Serikali ikiona hesabu kama hiyo itakuzuia kweli? Sasa imekuwa kama sera, Rais Ruto akienda Berlin Septemba 2024 wakasaini na Scholz, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, mkataba wa wafanyakazi, huku nyumbani tukasikia Wakenya 250,000 wanachukuliwa, Wajerumani wenyewe wakakana wakasema hakuna nambari yoyote kwa huo mkataba. Lakini vijana walikuwa washajiandikisha kusoma Kijerumani.

Wakati huo huo madaktari wetu waligoma siku 56, Machi mpaka Mei 2024, jambo kubwa lilikuwa watarajali: mkataba wa 2017 unasema walipwe karibu shilingi 206,000 za Kenya kwa mwezi, serikali inasema haina, itawapa 70,000. Unaambia daktari hauna pesa yake halafu unashangaa amenunua tiketi. Na kabla ya hapo 2018 tulikuwa tumeleta madaktari 100 wa Cuba tukawalipa vizuri, wawili wakatekwa Mandera 2019, mkataba ukakatizwa 2023. Mimi sijawahi elewa hiyo hesabu mpaka leo.

Dada, wewe enda ukitaka. Lakini usiseme nafasi yako itajazwa. Haitajazwa.

---

Shangazi Kaja

Otieno umeandika ukweli mtupu, hata Kiswahili chako leo kimenyooka 😂

---

Otieno wa Ahero

😂😂 Asante shangazi, nimejitahidi kwa ajili yenu.

---

Mzee wa Mindu

Nimesoma tangu juu. Mimi nimestaafu, nimekuwa mfawidhi wa hospitali ya wilaya na baadaye nikamalizia mkoani, kwa hiyo nimekaa kwenye kiti hicho anachokaa huyo bwana aliyekufokea. Binti yangu, kukufokea mbele za watu amekosea, na neno msaliti lisingemtoka mtu mwenye busara. Lakini swali lako la pili hakuna aliyelijibu vizuri zaidi ya huyu ndugu wa Ahero, na naye ameligusa juu juu.

Unauliza mbona asichukuliwe mmoja wa mtaani. Mfawidhi hana uwezo huo. Yeye ana ikama, karatasi inayosema hospitali hii inatakiwa kuwa na wauguzi kadhaa, na karatasi hiyo ukiisoma utacheka maana waliopo ni nusu au chini ya hapo. Ikama haileti mtu. Kinacholeta mtu ni kibali cha ajira kutoka Utumishi, na kibali kinategemea bajeti ya mishahara, na bajeti ya mishahara ina wenyewe huko juu. Wewe ukiondoka leo, mshahara wako unasimama, nafasi inabaki wazi kwenye karatasi, basi. Mfawidhi anaandika barua. Anaandika nyingine. Ajira zikija kwa mkupuo anaweza kupewa watu watatu wakati aliomba ishirini, na hao watatu wakifika mmoja ana uhamisho wa kumfuata mume kabla hata hajafungua begi.

Haya, tuseme ameletwa mmoja, kijana, ana vyeti vizuri. Unampeleka ICU? Wewe mwenyewe unajua. Kengele ya mashine ikilia, mtu mpya anaizima. Mzoefu anamtazama mgonjwa kwanza, anajua hii ni makohozi yameziba, hii ni bomba limechomoka, hii ni mgonjwa anapigana na mashine. Hicho kitu hakifundishwi darasani, anakifundisha nesi aliyesimama pembeni usiku wa manane, na ili mmoja aive kunatakiwa pawepo na mwingine aliyekwisha kuiva. Kwa hiyo hesabu ya "akitoka mmoja anaingia mmoja" ni hesabu ya watu wa ofisini. Hospitali inayopoteza wazoefu watatu ndani ya mwaka haijapoteza watu watatu, imepoteza na wale kumi ambao wangefundishwa nao.

Niliyaona haya kwa macho. Miaka ya 90 serikali ilisimamisha ajira, tulikuwa kwenye masharti ya wakopeshaji, kupunguza wafanyakazi ndo ilikuwa wimbo. Vijana wa afya walimaliza vyuo wakakosa pa kwenda, wenzetu wengine waliokuwa kazini tayari wakaondoka, Botswana ilikuwa inalipa, Afrika Kusini nayo baadaye. Ajira zilipofunguliwa tena tukajikuta tuna wazee wanaohesabu tarehe ya kustaafu upande huu, na watoto wabichi upande ule, katikati pengo. Ni mlango wenye bawaba tatu na ile ya kati imeng'oka. Kizazi cha kati ndo kinachoshika mkono wa kizazi cha chini. Tulihangaika na pengo hilo miaka mingi sana na UKIMWI ulikuwa umetushika koo.

Kwa hiyo mfawidhi wako anaogopa, na anaogopa kitu cha kweli. Amekosea mtu wa kumkasirikia tu. Wewe hukupanga bajeti ya mishahara. Marais wa Afrika walikaa Abuja 2001 wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, nendeni mkaangalie wangapi wametimiza, hao ndo wa kufokewa mbele ya watu. Na hao Waingereza nao wasijifanye watoto, nchi tajiri kama ile mwaka 2017 ilifuta ruzuku ya wanafunzi wa uuguzi kule England, vijana wao wakaanza kusoma kwa mkopo, halafu uhaba ulipozidi wakanyoosha mkono kwetu. Kumfundisha nesi ni gharama, kumchukua aliyekwisha kufundishwa na jirani ni rahisi.

Mimi sikuambii ubaki. Nimezeeka, nimeona waliobaki wakizalisha kwa tochi ya simu na nimeona walioondoka wakisomesha ukoo mzima, siwezi kukuchagulia. Ninachokuomba ni kwamba kama unaondoka, usiondoke kama mtoro. Mwambie matroni mapema, chagua vijana wawili wakae zamu na wewe hiyo miezi unayosubiri mitihani.

---

Mr. Kajiajiri

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo mwisho ndo mnapotuudhi nyie wazee. Kila siku "fundisha wenzako", "jitolee", "uzalendo". Posho ya kufundisha iko wapi? Posho ya on-call yenyewe inadaiwa toka mwaka juzi. Daktari na nesi wakidai haki yao wanaambiwa wanaua wagonjwa, 2012 madaktari waligoma mnakumbuka kilichompata Ulimboka, kiongozi wao, akaokotwa msitu wa Pande ameumizwa vibaya. Baada ya pale watu walijifunza, ukiona mambo hayaendi husemi, unaondoka kimya kimya. Huku kuondoka ndo mgomo wetu wa sasa.

---

Mzee wa Mindu

Marahaba. La posho uko sahihi na sina jibu. Nilidai za kwangu mpaka nastaafu.

---

Halima Upanga

Jamani mbona wote macho kwenye Uingereza tu? Ujerumani wanataka wauguzi, unaanza na lugha, ukiwa na ngazi ya B1 unaweza kuingia kwa ajili ya kutambuliwa cheti na B2 ndo ya leseni kamili kwenye majimbo mengi. Goethe, taasisi ya Kijerumani inayofundisha lugha yao, ipo pale Upanga Dar, mitihani unafanya hapo hapo. Ni ndefu, mwaka mzima wa lugha na zaidi, ila mlango haujabana kama wa Waingereza.

---

Kidume wa Kilwa Road

Haya nendeni wote, mkishaugua mtibiwe na ChatGPT.

---

nesi_wa_usiku

Asanteni sana wote. Mzee wa Mindu shikamoo, nimesoma yako mara mbili, kwa kweli kile cha ikama nilikuwa nakisikia kwenye vikao ila sikuwahi kukiunganisha namna hiyo. Vijana wawili nitawachukua, mmoja tayari nipo naye zamu, anajitolea bila mshahara tangu amalize chuo, na ni mzuri kuliko baadhi yetu wenye mishahara. Nikiondoka mimi yeye hatapewa nafasi yangu ingawa anaijua kazi yangu, hilo ndo linanichanganya zaidi kuliko hata neno la mfawidhi.

Ajenti nimempigia jana, nimemuuliza jina la hospitali iliyomtuma, akasema ni siri ya kibiashara. Nikamwambia basi naghairi, akashusha mpaka milioni tatu na kusema tunaweza kuanza na kulea wazee 😅 Mama Wawili ulijuaje?

Sasa nimebaki na hili, nikipata huko niombe likizo bila malipo au niache kazi moja kwa moja? Na deni la bodi linakuwaje?

---

Mama Wawili UK

😂😂 Wote wana daftari moja. Orodha ya waajiri wenye kibali cha kudhamini viza iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, mtu akikutajia jina lolote ingia utafute, halipo basi hakuna kazi.

Deni la bodi linakufuata, kuwa nje hakulifuti, wasiliana nao uwe unalipa mwenyewe. Usilikimbie maana siku unataka kurudi litakuwa linakungoja.

---

Mchumi Jalala

Likizo bila malipo omba kwa maandishi, ila usiitegemee, kwa kada zenye upungufu wanakataa sana na sababu wanayo. Wakikataa andika barua ya kuacha kazi ufuate muda wa notisi. Usifanye ule mtindo wa kuaga unaenda msibani halafu unaonekana Heathrow. Zaidi ya siku tano bila ruhusa tayari ni kosa la utoro la kukufukuzisha kazi, na ukishafukuzwa kwa utoro kurudi serikalini ni shughuli. Pia barua ya mwajiri utaihitaji, sasa ukitoroka nani atakuandikia? Na kwa baadaye kabisa, ukikaa huko ukashawishika kuchukua pasipoti yao ujue ya kwetu unaipoteza, sisi bado hatuna uraia pacha kama Wakenya walivyoruhusiwa na katiba yao ya 2010.

---

Mama Wawili UK

Na uthibitisho wa Baraza uanze kuushughulikia sasa hivi kabla ya OET, angalia kama leseni yako ya mwaka huu umeihuisha na majina ya kwenye vyeti yanafanana na ya pasipoti herufi kwa herufi. Kuna mwenzetu jina la katikati lilitofautiana herufi moja, akakaa miezi anahangaika na viapo. Ukianza intavyuu nitafute PM nikufanyie mazoezi, watakuuliza kuhusu usalama wa mgonjwa karibu kila swali.